Brashi ya Hewa ya Kwanza: Ulizia Sindano Kabla ya Bei

Brashi yangu ya kwanza ya hewa, yaani kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa iliyobanwa, ilinidumu siku 11. Jioni ya siku ya mwisho nilikuwa nikiiosha kwenye karo la jikoni, hapa Kisumu, sindano yake, ile inayopita katikati na kuongoza rangi itokapo, ikaniponyoka vidoleni na kugonga ukingo wa karo, na ncha ikapinda kiasi ambacho jicho halikukiona ila ukucha ulikihisi. Tangu hapo rangi haikutoka tena kwa mstari. Ilitoka kama mate, tena upande upande. Nilizunguka maduka ya vipuri vya magari na ya vifaa vya shule hadi nikachoka, na wengi niliowaonyesha sindano ile waliniuliza kama ni ya cherehani. Ilinibidi niagize nyingine ng'ambo, nikangoja majuma saba, na muda huo wote Hiace yangu ndogo, modeli ya kuunganisha ya kampuni ya Aoshima, ya kipimo cha 1/24, ilikaa juu ya kabati ikiwa nyeupe pepe bila mstari wa manjano, yaani matatu ambayo askari wa trafiki angeikamata kabla haijatoka stendi.

Ndiyo sababu mtu akiniuliza anunue brashi gani ya kuanzia, simjibu kwa jina la kampuni. Namuuliza: sindano ikipinda kesho, utaipata wapi nyingine, kwa shilingi ngapi, na baada ya siku ngapi? Washauri wengi wa uraibu huu wa kuunda na kupaka rangi modeli ndogo huandika wakiwa Japani, Ujerumani au Marekani, ambako kipuri hufika mlangoni kabla rangi haijakauka vizuri, na kwa hiyo swali hilo huliweka mwisho kabisa au hulisahau. Kwetu sisi wa kando ya ziwa lafaa liwe la kwanza, na mengine yote yalifuate.

Kosa langu halikuwa la kuponyokwa na sindano tu. Nilikuwa nimechagua nozeli, yaani kile kichwa chenye tundu la kutolea rangi, ya milimita 0.2 kwa imani kwamba tundu jembamba ndilo huzaa kazi safi. Ni kweli huchora mstari kama unywele, lakini mikononi mwa mtu aliyekwisha kuizoea rangi. Kwa mwanagenzi huziba. Rangi ikizidi uzito kidogo, huziba. Vumbi likiingia kikombeni, huziba. Na nilipojaribu rangi ya fedha kwenye ndege ya mbao niliyoichonga mwenyewe, mfano wa zile ndege za majini ambazo kuanzia mwaka 1937 zilikuwa zikitua hapa Kisumu katika safari ya Southampton hadi Durban, iliziba mara tatu kabla ya bawa moja kukamilika, kwa kuwa chembe zinazoipa rangi hiyo mng'ao ni kubwa kuliko chembe za rangi ya kawaida. Nozeli ya milimita 0.3 au 0.35 inamtosha anayeanza, na hata ya 0.5, kama iliyomo katika Badger Patriot 105, haifai kudharauliwa na mtu ambaye kazi yake kubwa ni kupaka praima na rangi ya msingi kwenye mabodi ya magari.

Wapo wanaoshauri kwamba mwanzo uwe na brashi ya tendo moja, ambayo kifyatulio kikibonyezwa hewa na rangi hutoka kwa pamoja, na wingi wa rangi hupimwa kwa skrubu. Sikubaliani nao. Brashi ya matendo mawili, ambayo kubonyeza hutoa hewa na kuvuta nyuma hutoa rangi, hukitaabisha kidole kwa wiki moja au mbili, kisha taabu huisha. Aliyezoea tendo moja atalazimika kununua tena na kujifunza upya. Kikombe nacho kiwe juu, maana hapo rangi hushuka kwa uzito wake, matone machache yanatosha, na hewa haihitaji nguvu nyingi.

Nirudi kwenye vipuri, ambako ndiko pesa hupotelea. Brashi nyingi zina nozeli ndogo kuliko punje ya mchele, inayokazwa kwa nyuzi kwa kutumia spana ndogo, na mkono mzito ukiongeza nusu mzunguko tu, nyuzi hukatikia ndani. Harder & Steenbeck wa Ujerumani wameliepuka tatizo hilo: nozeli yao haina nyuzi, hujikalia katikati na kushikiliwa na kichwa cha brashi, na mwili mmoja wa brashi yao ya Evolution hupokea ya 0.2 na ya 0.4. Ningekuwa na uwezo, ningeanza na hiyo. Nakala za China zinazofuata umbo la brashi za Iwata, kampuni ya Japani, ni rahisi zaidi kwa bei, na sioni haya kuzipendekeza, ila vipimo vyake hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, hivyo sindano ya moja huenda isikae katika nyingine. Nunua sindano mbili na nozeli moja za akiba siku ileile, kwa muuzaji yuleyule, hata kama itabidi uahirishe kununua rangi. Uliza pia kama mipira midogo ya ndani ya kuzuia uvujaji ni ya teflon, kwa sababu ile ya kawaida hufura ikikutana na thina ya magari, na ni wachache kati yetu ambao hawatashawishika siku moja kutumia thina ya magari.

Kuhusu kompresa, mashine inayoibana hewa na kuisukuma kwenye brashi, aliyenifunza ni fundi wa kupulizia magari rangi karibu na Kibuye. Alipoiona brashi yangu alicheka, akaniuliza, "Mwalimu, hii ni ya kupaka kucha?" Bunduki yake ya kupulizia rangi ina tundu la milimita 1.4, ambalo kwa eneo ni zaidi ya mara 20 ya tundu la milimita 0.3, lakini hewa ni ileile na shida zake ni zilezile. Kompresa yangu haikuwa na kichujio cha maji. Hewa ya hapa ina unyevu mwingi. Ikibanwa hupata joto, ikipoa ndani ya tangi na mpira wa kupitishia hewa huacha maji, na maji hayo huja kutemwa juu ya kazi iliyokwisha kung'aa. Fundi alinionyesha skrubu iliyo chini ya tangi ambayo yeye huifungua kila jioni kumwaga maji. Nilikuwa na skrubu kama hiyo nyumbani nami nilidhani ni ya kufungia mguu.

Kompresa iwe na tangi, hata la lita tatu, kwa kuwa pistoni husukuma hewa kwa mapigo na bila tangi mstari hutetemeka. Iwe na kirekebishi cha shinikizo, kwani kazi zetu nyingi hutaka psi 15 hadi 20. Anayeletewa na ndugu kutoka Marekani ahakikishe kwamba si ya volti 120, la sivyo umeme wetu wa 240 utaiunguza mara atakapoiwasha. Zile ndogo za kuchajiwa, zinazobanwa moja kwa moja chini ya brashi, nilizibeza zamani. Siku hizi ninayo moja, kwa sababu stima ikipotea katikati ya mstari, rangi haikusubiri.

Rangi ya akriliki ichanganywe hadi iteleze ukutani mwa kikombe kama maziwa, na nasema maziwa ya ng'ombe wako mwenyewe, si ya mchuuzi. Katika joto la Januari na Februari hukauka kwenye ncha ya sindano baada ya dakika chache. Tone la dawa ya kuchelewesha ukaukaji husaidia, na kitambaa chenye unyevu kiwe karibu cha kuifutia ncha. Dirisha liwe wazi na barakoa usoni, hata kama chupa imeandikwa kwamba rangi ni ya maji.

Sindano ilipowasili nilimalizia Hiace yangu. Ule mstari wa manjano ambao matatu zote zililazimishwa kuuvaa mwaka 2004 niliupaka upande wa kushoto kabla sijakutana na yule fundi, na wa kulia baada ya kununua kichujio. Wageni huonyeshwa upande wa kulia. Wa kushoto, wenye vidoa vya maji juu ya gurudumu la nyuma, nimeuelekeza ukutani.