Kano zinazozeeka: tulaumu seli au mazingira yake?

Mwaka 1991, Savio Woo na wenzake nchini Marekani walichukua kano za goti za watu waliofariki, zile wapenzi wa soka wanazoziita ACL, wakazivuta mpaka zikakatika. Za watu wa miaka 22 hadi 35 zilistahimili wastani wa nyutoni 2,160, karibu uzito wa kilo 220. Za wenye miaka 60 hadi 97 zilikatika kwenye nyutoni 658. Je, vichocheo vya ukuaji, yaani protini zinazoziamuru seli kukua na kugawanyika, vinaweza kuliziba pengo hilo?

Wanaozilaumu seli wana hoja nzito. Kano hutunzwa na fibroblasti, seli zinazotengeneza kolajeni, protini ya nyuzi inayoipa kano nguvu. Umri ukisonga hupungua, hugawanyika polepole, na baadhi huacha kabisa kugawanyika huku zikitoa kemikali za uvimbe zinazosumbua seli jirani. Huko Boston, maabara ya Martha Murray ilizipa seli za ACL za nguruwe plazma (majimaji ya damu) yenye chembe nyingi za kugandisha damu, ambazo hubeba vichocheo kama PDGF na TGF-beta. Seli za nguruwe wachanga na za wale waliokuwa bado wanakua zilichangamka. Za waliokomaa hazikuitikia vivyo hivyo.

Lakini nguruwe aliyekomaa si nguruwe mzee. Jaribio hilo linatuambia kinachobadilika mnyama anapomaliza kukua. Kulitumia kumhukumu mtu wa miaka 65 ni kuruka hatua. Tena, mazingira nayo yana lawama: hata ACL ya kijana wa miaka 20 ikikatika ni nadra kujiunga vizuri yenyewe, kwa sababu bonge la damu huyeyuka ndani ya ute wa goti kabla seli hazijapata pa kushika. Ndiyo maana Murray alibuni sifongo ya kolajeni inayolowekwa damu ya mgonjwa mwenyewe, iliyopata kibali Marekani mwaka 2020. Na kolajeni ya mzee imekakamaa kwa sukari iliyojishika humo miaka mingi, ilhali fibroblasti husikiliza mvutano wa nyuzi sawa na inavyosikiliza kemikali.

Kwa maoni yangu umri unapunguza mwitikio, ila hauufuti. Anayemuuzia mtu wa miaka 55 sindano za plazma hiyo kwa ahadi ileile anayompa kijana anamkosea. Anayemfukuza kwa sababu ya umri tu naye anamkosea. Jaribio ninalolitamani ni la kuweka seli za mzee kwenye kolajeni changa, na za kijana kwenye kolajeni kuukuu, kisha zote zipewe kichocheo kwa kipimo kimoja.