Tusikimbilie kusema ni bawasiri

Mwandishi wa makala kuhusu kutokwa damu chooni amesema kweli kwamba damu wakati wa haja kubwa mara nyingi ni bawasiri au mchaniko mdogo kwenye njia ya haja. Nachohofia ni kwamba wengi wataishia hapo. Kuwa na bawasiri hakumkingi mtu na saratani ya utumbo mpana. Vyote viwili vinaweza kumkuta mtu mmoja, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Angalieni rangi pia. Damu nyekundu inayobaki kwenye karatasi kwa kawaida hutoka karibu na nje, lakini choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya huashiria damu inayotoka juu, pengine kwenye mfuko wa chakula. (Vidonge vya kuongeza damu navyo huweka choo cheusi, kwa hiyo mtajieni daktari kila dawa mnayomeza.) Damu ikiwa nyingi, au ukipata kizunguzungu na moyo kwenda mbio, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na kama damu inajirudia, choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, unakonda bila sababu, au umevuka miaka 45, usinunue dawa ya kupaka na kunyamaza. Omba upimwe. Uchunguzi wa kidole, yaani daktari kupima njia ya haja kubwa kwa kuingiza kidole, ni wa muda mfupi tu, jamani, na daktari ameshaufanya kwa watu wengi kabla yako.