Keki mbili zikafika moja

Kampuni yetu ilikuwa na wafanyakazi kumi na wanne na kambi mbili. Kambi ya Kiyoyozi ilikaa ndani na rimoti yake. Kambi ya Mwarobaini ilikunywa chai nje, chini ya mti, ikiwasema wa ndani. Kila moja ilikuwa na grupu lake la WhatsApp. Mimi, mgeni wa miezi miwili, nilikuwa kwenye grupu la michango ya misiba tu.

Ukimpelekea bosi tatizo, jibu lake lilikuwa, "Nendeni mkayajenge." Zabuni ililala mezani kwake mpaka muda ukapita, bado akasema tukayajenge. Tuyajenge na nani, wakati mhasibu na mtunza stoo walikuwa wanasalimiana kupitia mlinzi?

Agosti ikavuma kwamba kuna nafasi moja ya semina Dar: treni ya mwendokasi na posho ya siku tano. Na Ijumaa ilikuwa siku ya kuzaliwa ya bosi.

Dada wa mapokezi akanivuta pembeni. "Mdogo wangu, kachukue keki Majengo. Wa nje wasijue."

Sijafika getini, mtunza stoo akanishika bega. "Dogo, kuna keki yetu Sabasaba. Wa ndani wasijue."

Nikaitikia kote. Mgeni utakataa nini?

Nikapanda bajaji, keki moja nimeipakata, nyingine iko pembeni kwenye siti. Anayeijua Dodoma ya Agosti anaujua ule upepo. Vifuniko vya maboksi vikafumuka kwa mpigo, nikanyoosha mkono kuvidaka, bajaji nayo ikaruka tuta. Keki ya kwenye siti ikapaa, ikatua juu ya mwenzake mapajani kwangu, ikaingia taratibu mpaka kiunoni.

Dereva, Mgogo wa Chamwino, akageuka, akaitazama, akasema neno moja: "Idodomya."

Ndilo neno ambalo wenyeji husimulia kuwa liliupa mji jina, siku tembo alipozama kwenye matope. Yule tembo angalau hakuwa wa kuchangiwa.

Kikabaki kilima cha krimu ya pinki na bluu, kimenyunyiziwa vumbi kama mdalasini. Moja iliandikwa "Hongera Bosi", ya pili "Mungu Akulinde". Yaliyosalimika yalisomeka: "Hongera Mungu".

Nikaiweka mezani hivyo hivyo. Kambi zikasimama, kila moja na ukuta wake, macho yote kwangu. Bosi akatoka, akaikagua, machozi yakamlengalenga.

"Keki moja! Hatimaye mmeyajenga!"

Akakata kipande chenye vumbi kuliko vyote, akatafuna, akasema anasikia iliki.

Semina akaenda mwenyewe.

Jumatatu, ndani hapakuwa na kiti changu, na chini ya mwarobaini chupa ya chai ilikauka ghafla kila nilipokaribia. Nikahamia kibandani kwa mlinzi. Ndiye aliyenieleza, huku ananimiminia chai, kwamba kila kambi ina uhakika nimelipwa na nyingine.