Tunanadi papai, tunamwaga maji

Jumapili iliyopita papai moja liliuzwa elfu arobaini na tano kanisani kwetu. Papai, si mbuzi. Mnadishaji alikuwa na maneno, akawachonganisha akina mama wa kwaya na wazee wa baraza, na mwishowe mzee mmoja akaondoka nalo kalinyanyua juu kama kombe. Tulipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Kilichoniudhi kilitokea saa moja kabla. Mhubiri alikuwa katikati ya somo la uwakili, yaani kuvitunza vizuri tulivyokabidhiwa na Mungu, amefika Malaki 3:10 (angefika wapi kwingine?), anatuambia Mungu atayafungua madirisha ya mbinguni. Yakafunguka kweli. Mvua ilipiga bati mpaka spika haikusikika, baba wa watu akaketi. Tukaimba mapambio kusubiri ipungue, na mimi niliyekuwa karibu na dirisha nikaitazama baraka ikiporomoka kutoka kwenye paa lisilo na gata hata upande mmoja, inachimba mtaro pembeni ya msingi, inaenda zake barabarani.

Siku moja kabla, jumuiya yetu ilikuwa na zamu ya usafi. Tulinunua maji. Madumu 12, shilingi 500 kila moja, kwa kijana wa mkokoteni, ambaye alituuliza kwa adabu kabisa kama kanisa lote hili halina tangi. Dada mmoja akamjibu, "Tunamtegemea Mungu." Alikuwa anatania. Nadhani.

Na sijafika kwenye ufa. Ukuta wa magharibi una ufa unaoingia kidole, na bahasha za ukarabati zimeshagawiwa, kila kaya na kiwango chake. Fundi alipokuja kuukagua alisema maneno manne: "Maji yanakula msingi huu." Kwa hiyo maji tunayoyaacha yamwagike yanatubomolea jengo, tunachangishana kulikarabati, halafu tunanunua mengine ya kudekia. Halafu tunaitana mawakili.

Mimi si mhandisi, ila hesabu hii ni ya shule ya msingi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu nimelipima kwa hatua, ni kama mita 20 kwa 12, yaani mita za mraba 240. Mvua ya milimita 30, ambayo hapa Dodoma si ajabu ikija na hasira zake, inateremsha lita 7,200. Hayo ni madumu 360 ya lita 20. Kwa bei ya yule kijana ni shilingi 180,000, mapapai manne ya mnada. Kwa mwaka tunapata milimita 550 hivi, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Toa hata moja ya tano kwa yanayopotea na ya kuoshea vumbi la bati, bado zinabaki zaidi ya lita laki moja. Najua tangi la lita 5,000 haliwezi kuzimeza zote. Sijaomba zote. Naomba za kudekia, za choo, na za ile miche tuliyoipanda kwa picha nyingi ikafa yote kabla ya Septemba.

Malaki tumemkariri. Yohana 6:12 sijawahi kuuona umechapwa kwenye bahasha. Bwana ametoka kulisha wanaume elfu tano kwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Mwenye uwezo huo makombo ya nini? Si angefanya mengine tu? Lakini anawatuma wanafunzi wakusanye vipande kisipotee kitu, vikajaa vikapu 12. Huwa nawawaza wale mitume wameinama kwenye majani, muujiza umekwisha, watu wameshiba wananyoosha miguu, wao wanaokota makombo. Kazi ile haina makofi. Haina mnadishaji.

Na nabii Elisha, kabla ya kumsaidia yule mjane mwenye deni, alimuuliza kwanza ana nini nyumbani.

Nilipolisema hili kikaoni, mhasibu akadhani namtuhumu. Akasimama: hesabu zimekaguliwa, hakuna senti iliyoibwa. Namwamini, ni mtu safi. Lakini yule mtumwa wa Mathayo 25, aliyeifukia talanta ya bwana wake, naye aliiba nini? Alirudisha talanta nzima, na talanta haikuwa hela ya soda. Ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ndiyo ilikuwa kibarua cha kutwa. Mkaguzi yeyote angempa hati safi. Bwana wake akamwita mbaya na mlegevu. Sisi tumeshusha uwakili mpaka ukawa kutokuiba, tukaridhika.

Mzee mmoja ninayemheshimu sana, aliyenifundisha kipaimara, akaniambia taratibu, "Mwanangu, gata si jambo la kiroho." Nikasema, "Ndiyo, baba." Ningejibu nini? Ila tangu siku hiyo najiuliza papai ni la kiroho kwa namna gani.

Bibi mzaa mama hakuwahi kuhudhuria semina ya uwakili. Masika mlenda ukijaa shambani aliuchuma kuliko tulivyoweza kula, akauanika, akauweka. Sisi wajukuu tulimcheka, mbona mboga ziko tele. Oktoba, ardhi nyeupe kama majivu, tulikula ule ule na ugali, na hakuna aliyecheka.

Nikiri, kwa shingo upande: hilo bati ninalolipigia kelele lilipandishwa kwa fedha za minada hiyo hiyo, kuku kwa kuku, yai kwa yai. Kutoa nako ni uwakili, na waliotoa hawakuwa na vingi. Ndiyo maana inaniuma. Jenereta linalolala stoo siligusi leo.

Gata limewekwa kwenye ajenda ya kikao kijacho, chini ya "mengineyo". Mnayajua mengineyo. Huwa tunayafikia saa nane mchana, katibu ameshafunga daftari na wenye watoto wameshaondoka. Kwa hiyo sikukuu ya mavuno sileti papai wala kuku. Naleta gata moja, na vishikio vyake, nalilaza pale mezani katikati ya maboga. Mnadishaji ataanzia shilingi ngapi, tutaona.