Mpakato Usiopakatika

Aliyetunga jina "kompyuta mpakato" hajawahi kucheza gemu mchana wa Februari, Dar es Salaam, akiwa amevaa bukta. Mtoto unampakata. Paka unampakata. Hiki chombo changu chenye kadi ya grafiki (kifaa kinachochora picha za gemu) ya GTX 1650 nilikipakata kwa raha siku moja tu, na alama ya matundu yake ya hewa ninayo pajani hadi leo.

Kisa kilianza na uroho. Gemu langu la mbio za magari lilikuwa linanipa fremu, yaani picha, 54 kwa sekunde; zikiwa nyingi, mwendo unakuwa laini. Nikajiaminisha kwamba kinachofanya nifungwe na binamu yangu kila Jumamosi ni zile fremu 6 zinazopungua kufika 60. (Sababu halisi ni kwamba sijui kukata kona, ila hayo ni ya familia.) Nikapakua MSI Afterburner, programu ya bure yenye vitelezi vya kuongezea kadi kasi. Vijana wanaita kuovakloki. Nikaongeza megahezi 100 kwenye kiini cha kadi na 300 kwenye kumbukumbu yake. Fremu zikafika 57. Tatu nzima! Nilishangilia hadi Bi Mkubwa akauliza kutoka jikoni kama Simba wamefunga.

Mwenye akili zake angeishia hapo. Mimi nikakipeleka kiini hadi 250, na kwa uvivu wa kuvuta vitelezi kila siku, nikabonyeza kitufe kinachoagiza kasi hiyo ianze yenyewe kila kompyuta inapowaka. Kitufe hicho mkikumbuke.

Paja lilikuwa limeshaungua, kwa hiyo nikakihamishia chombo godoroni. Feni zikaanza kulia. Bi Mkubwa akachungulia.

"Mwanangu, mbona hicho kidude kinahema kama kina pumu?"

"Ndiyo nguvu zenyewe hizo, mama."

Joto nyuzi 87. Fremu 49. Yaani zimeshuka! Kumbe kwenye kompyuta ya mezani kadi huwa na feni zake na nafasi yake, lakini humu ndani kadi na prosesa, ubongo wa kompyuta, wanatumia bomba zilezile za shaba za kutolea joto, kama wapangaji wawili wenye bafu moja. Umeme nao kadi yangu imewekewa kikomo cha wati 50. Ikizidiwa na joto inajipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Mimi nakanyaga mafuta, yenyewe inakanyaga breki, na shuka limeziba matundu yote ya chini.

Ghafla skrini ikajaa miraba ya zambarau na kijani, kitenge kabisa. Kisha giza. Nikaiwasha upya, ikafunguka vizuri, nikahesabu moja, mbili, tatu... giza. Mara nne hivyohivyo. Usiku ule niliswali hadi sunna ambazo nilikuwa nimezisahau.

Kesho yake fundi wa Kariakoo aliniuliza swali moja tu: "Kaka, uliiambia ianze na kasi hiyo kila ikiwaka?"

Nikajifanya naangalia bodaboda zinazopita.

Akaiwasha katika hali salama, ambamo programu kama ile haiamki, akaiondoa. Hata soda yangu ilikuwa haijafika nusu. Kadi nzima, haina hata mkwaruzo. Basi nikadhani tumemaliza, kumbe yeye ameshashika bisibisi. Alipofungua kifuniko cha chini, akachomoa kwenye feni blanketi la vumbi, nywele, punje mbili za wali na mguu wa mende. Mguu tu. Mende mwenyewe hatujui aliko. Akasafisha, akapaka pesti mpya ya kupitishia joto, akaniambia niwe naiinua ipate hewa kwa chini. Nikamlipa 20,000.

Usiku huo, bila kuongeza megahezi hata moja: nyuzi 78, fremu 61. Kasi niliyokuwa naitafuta ilikuwa imelaliwa na wali.

Ushauri wa kuinua nimeufuata. Nilizunguka nyumba nzima nikitafuta kitu cha kimo kile, nikapata mbuzi ya kukunia nazi. Chombo kimekaa juu yake kama kimepimiwa, na hewa inapita chini bila shida. Jumamosi iliyopita, kwa mara ya kwanza, nilikuwa mbele ya binamu yangu, umebaki mzunguko mmoja.

Bi Mkubwa akaingia na nazi mbili zilizokwisha kuvunjwa.

"Haya, baba. Lete mbuzi yangu."