Ejenti wa kutafuta laibrari za JavaScript: atafute, lakini kuinstoli niachieni mimi

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja tunafanya naye kazi hapa Kisumu alikuwa anamalizia sistemu ya chama cha watu wa boda, ya kulipa mchango kwa M-Pesa, akakwama mahali padogo sana. Ukituma ombi la malipo kwa Daraja, ule mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, lazima wakati uandikwe tarakimu 14 zikifuatana, mwaka mwezi siku saa dakika sekunde, na JavaScript, lugha ya programu anayotumia, ukiiuliza mwezi inahesabu kuanzia sufuri kwa hivyo Machi inakupea 2, wewe ndio uongeze moja halafu uweke sufuri mbele ipatikane 03. Basi akamwomba ejenti wa AI, yaani programu unayoituma kazi nayo ikatafuta na kujibu, amtafutie laibrari ya hiyo kazi, yaani programu iliyoandikwa tayari na wengine, na kabla hata chai haijapoa akaletewa pakeji tatu (laibrari zilizofungashwa tayari kuinstoli), ya kwanza ikiwa Moment, ya kushughulikia tarehe na saa.

Moment ni kazi nzuri na imebeba watu miaka mingi, lakini wenyewe wanaoitunza walitangaza Septemba 2020 kwamba hawaongezi kitu kipya na wakashauri mtu anayeanza mradi mpya aangalie nyingine. Ejenti hakutaja hilo hata kidogo. Tena hiyo kazi haihitaji laibrari yoyote, padStart, ya kuweka sufuri mbele, iko ndani ya JavaScript yenyewe tangu 2017.

Nimekuwa nikisikia mabishano juu ya hizi ejenti za AI, upande mmoja wanasema kazi ya kutafuta imekwisha, upande mwingine wanasema ni sumu kwa vijana wanaojifunza. Mimi nazitumia kila siku na siwezi kukubaliana na upande wowote mzima mzima.

Nianze na uzuri kwa sababu ni mkubwa na wanaoponda huwa wanauruka. Pale npm, stoo ya mtandaoni ya pakeji za JavaScript, kuna pakeji zaidi ya milioni 2, ni kama kuingia soko la Kibuye siku ya Jumapili unatafuta jaketi moja na hujui iko upande gani, na majina hayasaidii, mtu anaipa pakeji jina lolote analotaka. Ejenti mzuri unamweleza shida yako kwa maneno ya kawaida, anaingia kwenye sajili yenyewe, anafungua mafaili ya vashoni ileile uliyo nayo kwa laptopu, anakuambia hii fankisheni inataka nini na inarudisha nini. Sasa fikiria ni nani anasaidika hapo. Nairobi mtu ana mwenzake mwenye uzoefu amekaa meza ya pili, anageuza kiti tu anauliza, lakini huku Kisumu, Kakamega, Nakuru, madevelopa wengi wako peke yao, wamejifunza wenyewe, bando ni ya kuhesabu, na maelezo yote ni Kiingereza kirefu. Nimekaa kando ya msichana mmoja anauliza kwa Kiswahili kabisa, "hii kitu inarudisha nini mtandao ukikatika?" na ejenti akaingia ndani ya node_modules, folda ya pakeji ulizoinstoli, akamletea mistari yenyewe ya programu pamoja na maelezo. Hiyo kitu mimi niliitamani sana nikiwa naanza na sitakubali mtu aniambie haina maana.

Shida inaanza pale ejenti haendi kusoma, anajibu kutoka kichwani. Kuna utafiti uliotolewa 2025, watafiti wa vyuo vya Marekani walijaribu modeli 16 za AI, zikaandika vipande 576,000 vya programu za Python na JavaScript, na karibu asilimia 20 ya pakeji zilizotajwa hazikuwepo kabisa duniani. Modeli za kulipia zilikosea kama asilimia 5, zile za wazi ambazo yeyote anaweza kuzipakua zaidi ya 21. Ingekuwa ni kosa tu la 404, yaani haipatikani, ningesema sawa, utajaribu tena, lakini majina mengi ya uongo yanarudiwa yaleyale, kwa hivyo mwizi anaweza kukaa akaangalia ni jina gani linapendwa kubuniwa akalisajili yeye, akaweka uchafu wake akangoja. Na npm install, amri ya kuinstoli, haingoji wewe uandike mstari wowote, pakeji inaweza kuendesha skripti yake wakati uleule inaingia, kwenye laptopu ambayo faili la .env lina funguo zako za Daraja. Hapo ndipo naogopa kwa kweli, kwa sababu ile ni pesa ya michango ya watu.

Na jina la kweli pia si kinga. Septemba 2025 mtunzaji wa chalk na debug, pakeji mbili zinazotumika sana, alidanganywa na imeli feki, wezi wakapata akaunti wakatia sumu pakeji 18 ambazo kwa jumla zinadaunlodiwa zaidi ya mara bilioni 2 kwa wiki. Siku hiyo ejenti yeyote angekuambia chalk ni salama, inajulikana, ina miaka, na kila alichokiangalia kingekuwa kweli. Lakini zile vashoni mbovu ziliondolewa ndani ya masaa, ndio maana mimi vashoni mpya naiacha siku kadhaa kwanza.

Wengine husema mtu mzembe angekopi tu kutoka mtandaoni hata bila AI. Ni kweli, lakini alipokuwa anakopi angalau aliona tarehe, aliona mtu chini ameandika hii ni ya zamani usitumie. Ejenti anakuletea jibu limeoshwa, halina tarehe wala mtu wa kulipinga.

Kwa hivyo mimi nimemruhusu atafute na asome, kuinstoli nimemfungia. Akileta jina naliangalia kwa amri ya npm view, pakeji ilitoka lini, nani anaitunza, inavuta pakeji gani zingine, halafu naingiza na --ignore-scripts, inayozuia zile skripti zisiendeshwe. Ni dakika mbili hivi.

Ile ya sufuri ndio imenikaa zaidi, kwa sababu mwaka 2016 kulikuwa na pakeji ya mistari 11 inaitwa left-pad, kazi yake ilikuwa kujaza herufi upande wa kushoto tu, mwenyewe akaiondoa na miradi mingi duniani iliyoitegemea ikakataa kujengeka. Kazi ileile kijana wetu alikuwa anaitafutia laibrari. Nikamwambia arudi kwa ejenti yuleyule, asiulize laibrari gani, aulize kama JavaScript yenyewe inaweza. Jibu la kwanza kabisa likawa padStart, na akakumbushwa pia kwamba saa ya seva iko nyuma ya saa zetu kwa masaa matatu. Ejenti alikuwa anajua yote hayo. Tukatoa Moment, kijana akaandika mistari minne kwa mkono wake, tukatuma ombi la shilingi moja, simu ikaita pale mezani ikiomba PIN.