Lakshmi wa Laki Tatu

Kabla hamjaendelea kunitumia vile vikatuni vya kucheka: sikupiga magoti. Yule jamaa yangu aliyewahi kurusha kwenye grupu kwamba nilimpigia magoti mzee wa Kisutu kwa ajili ya picha ametia chumvi. Niliinama kuokota msumari. Basi.

Picha yenyewe mnaijua, ile niliyoinunua mnadani Upanga nikawaringia nayo humu mpaka mkanichoka. Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri wa Wahindu, kwenye sari nyekundu, kasimama juu ya yungiyungi, tembo pembeni, fremu ya mtiki nzito kama mlango. Laki tatu. Nilishajisomea: Raja Ravi Varma, mchoraji wa India, alifungua kiwanda cha kuchapa picha Bombay mwaka 1894, baadaye kikahamia Malavli karibu na Lonavala, mwishowe akamuuzia Mjerumani, Fritz Schleicher. Picha zilichapwa kwa mawe, kila rangi na jiwe lake, na wakusanyaji wanazigombania hadi leo. Nikatafuta kile kioo cha mafundi saa, nikamchungulia Lakshmi shavuni, nikaona vinukta. Vinukta! Si nilisoma kwamba litografia, huo uchapaji wa mawe, ina vinukta? (Anayejua mbele ya hapo anyamaze kwanza.) Kichwani nikaanza kupaua nyumba ya Chanika.

Tukaenda Kisutu kwa mzee mmoja wa Kihindi, mfanyabiashara mstaafu, anakusanya picha hizi tangu ujana wake. Shikamoo, marahaba, chai ya maziwa ikaja. Badala ya kumwachia aitazame, nikaanza kipindi. Nikamfundisha Ravi Varma. Yeye! Ukuta wote nyuma yake ni Ravi Varma mtupu. Jamaa yangu ananikanyaga chini ya meza, mimi nasonga mbele na Mjerumani wangu.

Mzee akachukua kioo, akainama, akanyanyuka. "Vinukta vya jiwe havina safu, vimetawanyika kama mchanga. Hivi vimepanga mstari, vikikutana vinafanya viua vidogo. Hii ni mashine ya ofseti, si jiwe, mwanangu."

Nikamwambia, kwa heshima zote, tufungue fremu, maana jina la kiwanda lazima limefichwa chini.

Mnasikia? Ni mimi niliyesema tufungue.

Akang'oa misumari mmoja mmoja, akiipanga kwenye kisosi. Karatasi ya kaki ya nyuma ikachanika, vumbi la mbao likamwagikia chai yangu. Picha ikatoka. Ukingo wa chini ulikuwa umekunjwa kwa nyuma, upana wa vidole vinne, na ndani ya mkunjo pana maandishi. Moyo ukapiga. Nikasimama. "Mzee, naomba nisome mwenyewe."

Nikaukunjua polepole. Kwanza yakajitokeza matundu mawili yenye kutu, mahali pini zilipokuwa zimeshikilia kitu. Nikayapuuza. Kisha herufi nyekundu. Nikavuta pumzi, nikaanza kwa sauti ya taarifa ya habari:

"Heri... ya mwaka mpya... 1987."

Jamaa yangu akakohoa. Pale ndipo mtu mwenye akili angefunga mdomo, lakini ulimi ulishashika mteremko: "Wauzaji wa misumari, mabati, rangi na mabomba. Sanduku la Posta..."

Mzee akanimalizia namba ya sanduku. Bila kuangalia karatasi. Akaongeza na ya simu.

Ilikuwa kalenda ya duka lake.

"Zilikuja kutoka India zikiwa tupu hapa chini," akanieleza, mpole kabisa, ndiyo ikaniuma zaidi. "Jina la duka tulilipigia hapahapa mjini. Tukawagawia wateja." Hakucheka hata kidogo. Aliyecheka ni mama wa nyumba, huko jikoni, na alicheka kwa zamu: anatulia, nasikia sufuria, anaanza tena. Hapo ndipo msumari ukaanguka nikainama, na ndipo yule mbeya akapata habari yake ya magoti.

Yaliyobaki mafupi. Fremu ni mtiki wa kweli, mzee akaninunulia kwa elfu themanini. Jamaa yangu akadai nauli. Tukiwa mlangoni mzee akaniomba nimwachie na picha, kwa sababu za mwaka ule ziligawiwa zote, hakubakiwa hata na moja. Nikaona angalau hapa nitaokoa kitu. Nikamuuliza atanipa ngapi.

"Bei ileile niliyoitoa mimi."